Jaketi ni la Uingereza, Mkenya ni Mimi

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Geuza kola ya hudi au fulana uliyovaa uangalie ile lebo. Kama uliitoa sokoni, na najua uliitoa sokoni, utapata saizi iliyopimwa kwa mabega ya watu wengine na jina la duka ambalo wewe na mimi hatutawahi kuingia. Usione aya. Sote tuko hapo.

Jaketi nililovaa ninapoandika haya lina nembo ya shule kifuani. Ni shule ya Uingereza, sijui ya mji gani. Nililipata kwenye mitumba hapa Kitale kwa shilingi 350, baada ya kubishana na mama muuzaji mpaka akachoka, akaniita mwanangu na kulitia kwenye karatasi. Likaenda kwa fundi anayekaa na cherehani nje ya duka la vipuri. Akakata mikono, akabana kiuno, akaweka zipu nyekundu kwa sababu nyeusi ilikuwa imeisha. Mwenye hilo jaketi akikutana nalo leo barabarani hatalijua. Atafikiri ni mtindo wa huku. Na kweli ni mtindo wa huku.

Juzi nilikuwa nimelivaa kwenye matatu ya kuelekea Bungoma. Pale steji mzee mmoja aliketi kando yangu, kofia kichwani, bahasha ya kaki mapajani. Tulikuwa hatujafika hata Kiminini akaniuliza, "Kijana, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Kitale, mzee."

"Kitale najua. Nauliza kwenu."

"Kwetu ni Tuwan, mzee. Hapo hapo Kitale."

Akaniangalia vizuri. Rasta kichwani, bangili ya bendera mkononi, jaketi la shule ya Wazungu, raba nyeupe ambazo kusema kweli si nyeupe tena. Hakupata alichokuwa anatafuta. Akanijaribu kwa Lubukusu, nikamjibu kidogo. Akanijaribu kwa lugha nyingine, nikamjibu kidogo pia. Basi akaja moja kwa moja: "Baba yako anaitwa nani?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba baba anaitwa baba. Watu wa kiti cha nyuma wakacheka, mzee naye akacheka, tukaongea mambo ya mahindi mpaka Kamukuywa. Jina sikumtajia. Na wewe msomaji sitakutajia, usijisumbue kutafuta.

Ukiwa Nairobi unaweza kudhani swali lile ni la kupitisha safari tu. Huku si hivyo. Trans Nzoia ni ardhi ambayo Wazungu walowezi waliichukua wakaiita yao, wakajenga mashamba makubwa, reli ikafika Kitale mwaka 1926. Walipoondoka, watu wa kila pembe wakaja kununua vipande na kupewa vipande, na wale waliofukuzwa mwanzo wakabaki wakiuliza lao liko wapi. Kwa hiyo hapa kwetu "wewe ni mtu wa wapi" mara nyingi maana yake ni "shamba hili lilikuwaje likawa lako". Mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 swali hilo liliulizwa na watu wenye panga. Uwanja wa maonyesho wa Kitale ukajaa mahema. Upande wa Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma ya leo, vita vya ardhi ya Chepyuk vilikuwa vimeanza tangu 2006, kundi la SLDF likiua na kukata watu masikio, halafu Machi 2008 jeshi likaja na operesheni yake iliyoitwa Okoa Maisha, na wanaume wengi wakateswa ndani ya hiyo operesheni ya kuokoa maisha. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka tu kwamba nyumbani tuliambiwa tukiwa njiani tuongee Kiswahili, Kiswahili peke yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia vijana wa siku hizi wamepoteza asili yao, wanaongea Sheng na kuvaa kama watu wasio na kwao, huwa nataka kumkumbusha ni nani alitufundisha kutokuwa na kwetu. Tulifundishwa na wao. Walituambia tufiche. Sisi tukaficha vizuri sana, na mahali pa kujificha tukapata kitu kingine.

Hicho kitu kingine ndicho ninachotaka kukuzungumzia leo. Naona ukiuliza Mkenya anafananaje, si Mkenya wa kwenye hotuba bali huyu anayepanda matatu, jibu linatoka mitaani. Halitoki serikalini, na serikali imejaribu.

Labda wewe hukumbuki, lakini mwaka 2004 kulikuwa na mradi mkubwa wa kututafutia vazi la kitaifa. Kampuni ya sabuni ikaweka pesa, wizara ikaunga mkono, wabunifu wakazunguka nchi nzima wakiuliza watu, mwishowe vazi likazinduliwa kwa sherehe. Waulize wazazi wako lilifananaje. Watakuambia kuna kitambaa mabegani, halafu watanyamaza. Hakuna aliyelivaa. Ghana wana kente yao, Wanaijeria wana agbada zao, hata Watanzania ukiwaona na kitenge unajua hapa kuna sherehe. Sisi tulipewa vazi na kamati, likaenda kabatini.

Na mwaka huo huo wa 2004, Februari, zile sheria za Michuki zilianza kazi. Mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, sawa, hizo ziliokoa watu na sitabishana. Lakini pamoja nazo ukaja mstari wa njano, na michoro ya matatu ikafutwa. Picha za wanamuziki, majina, rangi, yote yakapakwa juu. Yaani mwaka mmoja, serikali moja: mkono huu unatutafutia utamaduni, mkono ule unafuta ule ambao tayari tulikuwa nao na ulikuwa unatembea kwa magurudumu manne. Ilichukua miaka kumi hivi mpaka Uhuru Kenyatta akiwa rais akasema vijana waachwe wapake magari yao.

Sasa songa hadi Novemba 2023. Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, mtu wetu wa Bungoma ambaye alikuwa seneta wa kaunti hiyo kabla ya kuwa Spika, akatangaza kwamba suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni ya Kiafrika hayatakubaliwa bungeni. Suti ya Kaunda! Ile ambayo Rais Ruto mwenyewe alikuwa anavaa karibu kila wiki. Ukitaka kuingia Bunge la Kenya, mwanamume, vaa koti na tai, yaani vaa alivyovaa mkoloni aliyejenga hilo bunge. Mimi nilicheka siku hiyo, nikaangalia jaketi langu la shule ya Uingereza, nikajiuliza kati yangu na mheshimiwa nani anavaa mitumba.

Na hapa nataka tusidanganyane, kwa sababu hili jambo la mitumba lina machungu yake. Kilomita kama 70 kutoka Kitale, pale Eldoret, kuna kiwanda cha Rivatex. Kilijengwa miaka ya sabini kutengeneza nguo kwa pamba ya hapa. Soko lilipofunguliwa miaka ya tisini na marobota yakaanza kumwagika, viwanda vya nguo nchini vikaanguka kimoja baada ya kingine, Rivatex ikiwemo. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007 na kikafufuliwa, lakini ni wangapi kati yetu wana hata nguo moja iliyotoka pale? Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuacha mitumba pole pole. Marekani ikatisha kuondoa nafuu ya biashara ya AGOA, Kenya ikarudi nyuma haraka. Rwanda ilikaa ngumu, na 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Kwa hiyo nikikuambia staili yetu ni ya mtaani, sisemi ni huru. Imejengwa kwenye takataka za watu wengine, na sisi hatukuulizwa.

Lakini nenda Chepkube pale Bungoma mjini, au soko letu la Kitale, asubuhi robota linapofunguliwa. Wale wa kwanza wanachukua kamera, yaani nguo safi zisizo na doa, zinaenda maduka ya ndani kwa bei ya juu. Halafu wanakuja wa pili. Mwisho inabaki fagia, lundo la mwisho, shilingi hamsini hamsini, na hapo ndipo utawapata wale wenye macho. Namjua msichana mmoja hapa Kitale anayenunua mashati ya wanaume wanene kwenye fagia, anayakata na kutengeneza sketi na vikoti vifupi, anapiga picha ukutani kwao, jioni yameisha. Hakuna chuo kilichomfundisha. Wakati wa korona, 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia Machi mpaka Agosti, alirudi kwa kabati la mama yake akakata mapazia. Mapazia yaliuzwa pia.

Hiyo ndiyo kazi ninayoisema. Kitu kinakuja kikiwa cha Leeds au cha Manchester, kinaondoka sokoni kikiwa cha huku.

Ni kama lugha yetu. Sheng ya Kitale si ya Nairobi, ingawa watu wa Nairobi wanafikiri sisi tunaiga. Msee wa hapa atakuambia mulembe, aendelee na Sheng, aingize neno la Kikalenjin akitaka kukutania, amalize na Kiingereza cha redio. Hakuna mtu anakaa kuamua hilo. Muziki ni hivyo hivyo. Ethic walipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018 ulikuwa wimbo wa mtaa wa Umoja, Nairobi, lakini Bungoma ulichezwa mpaka spika za nduthi zikapasuka. Leo drili inachezwa kila kona, muziki uliotoka Chicago, ukapita kusini mwa London, ukatua Buruburu kwa akina Buruklyn Boyz, ukapanda basi la usiku kuja Kitale.

Nimetaja London makusudi. Kwa sababu ukifikiri Waingereza wenyewe walizaliwa na utamaduni wao ukiwa umekunjwa kabatini, soma historia yao kidogo. Mwaka 1948 meli ya Windrush ilitia nanga Tilbury na watu kutoka Karibiani. Waliambiwa si wenyeji, nyumba hawakukodishiwa. Watoto na wajukuu wao ndio wamebadilisha namna Mwingereza wa leo anavyoongea, anavyovaa na anavyocheza. Kijana mweupe kabisa wa London anaongea Kiingereza chenye maneno ya Jamaika ndani yake, na ukisikiliza vizuri utasikia anaapa "wallahi", neno ambalo mtu wa Eastleigh na Mombasa hahitaji kutafsiriwa. Ile bendera yao, vijana wa miaka ya sitini waliikata wakaishona koti. Wale wa panki, miaka ya sabini, wakaichana na kuibana kwa pini. Mwaka 2019, Stormzy, mtoto wa mama aliyetoka Ghana, alipanda jukwaa kuu la tamasha la Glastonbury akiwa amevaa fulana ya kuzuia visu iliyopakwa bendera hiyo hiyo, kazi ya mchoraji Banksy. Watu walielewa. Alikuwa anasema, mimi pia ni Mwingereza, na nchi yangu inaniona kama mtu wa kuchomwa kisu au wa kuchoma.

Na usidhani huko waliachwa tu. Mwaka 2005 jengo moja kubwa la maduka huko Kent, Bluewater, lilipiga marufuku hudi. Hudi, hizi hizi ambazo sasa zinakuja kwetu kwenye marobota. Polisi wa London nao walikuwa na Fomu 696, ambayo waandaaji wa shoo walitakiwa kujaza kabla ya kupiga muziki. Mwanzoni fomu hiyo iliuliza hata wahudhuriaji ni watu wa asili gani. Wewe ni mtu wa wapi, kwenu ni wapi. Lilikuwa ni lile swali la yule mzee wangu wa Kiminini, tofauti ni kwamba hili lilikuwa limepigwa muhuri. Fomu ilifutwa 2017 baada ya makelele mengi. Muziki uliokuwa unatiliwa shaka ndio leo wanajivunia mbele ya dunia.

Nirudi nyumbani, nirudi Bungoma, kwa sababu huko kuna kitu London hawana.

Agosti ya kila mwaka wa namba shufwa, Babukusu wanatahiri. Umewaona vijana wakipita barabarani na chinyimba, zile kengele za chuma, wakizigonga kwenye bangili za mkononi, shanga zimepita kifuani, umati nyuma yao ukiimba. Wanaenda kwa wajomba kualika. Asubuhi ya siku yenyewe wanashuka mtoni gizani, wanapakwa tope, wanarudi nyumbani kwa omukhebi na hawatakiwi hata kupepesa jicho. Jambo hili ni la kale kuliko Kenya yenyewe. Marika yake yana majina yanayozunguka kila baada ya miaka kama mia: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa.

Agosti 2024 nilisimama kando ya barabara ya kwenda Chwele nikaangalia msafara mmoja. Kijana wa mbele alikuwa na chinyimba zake sawasawa, shanga sawasawa, na miwani ya jua ya kioo cha buluu. Marafiki zake wawili walikuwa na jezi za Arsenal. Mmoja ameshika spika ndogo, lakini hajaiwasha, heshima. Mzee aliyekuwa karibu yangu alilalamika kwamba sasa hivi vijana wanaharibu mila kwa miwani. Nikamuuliza zile shanga zilitoka wapi zamani. Akafikiri kidogo. Akasema, "Zilikuja na wafanyabiashara." Basi tukaangaliana.

Sisemi kila kitu kinachobadilika ni kizuri. Kuna vijana wanaotumia misafara hiyo kulewa na kushika wasichana, na hao wanastahili fimbo, wavae miwani wasivae. Ninachosema ni kwamba huyo kijana hakuona mgongano wowote. Alikuwa Mbukusu kamili na alikuwa mtoto wa mtaa kamili, na hakuna aliyemwambia achague. Mimi nilimwonea wivu. Yeye angemjibu yule mzee wa matatu bila kusita.

Agosti hiyo ilikuja wiki chache tu baada ya Juni ambayo wote tunaikumbuka. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bunge, watu wakauawa kwa risasi, siku iliyofuata Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Hayo umeyasoma. Mimi nataka uangalie nguo. Tazama zile picha tena. Huoni rangi ya chama hata kimoja. Miaka yote ya utoto wangu maandamano yalikuwa na rangi, ya chungwa, ya buluu, nyekundu, ya manjano, na ukijua rangi ulikuwa unajua kabila, na ukijua kabila ulikuwa unajua nani atapigwa. Safari hii watu walivaa hudi nyeusi, jinzi, raba za kukimbilia, na bendera mabegani. Hapa Kitale nilinunua yangu kwa kijana anayeuza chaja na vifuniko vya simu. Akaniambia hajawahi kuuza bendera hivyo tangu azaliwe, kawaida ni Desemba tu na hata Desemba hazitoki.

Hakuna kamati iliyotuambia tuvae bendera. Ile ya 2004 ilitafuta vazi la kitaifa kwa pesa na matangazo ikashindwa. Mwaka 2024 lilipatikana lenyewe kwa wiki mbili, na kitambaa chake ni cha shilingi mia. Hata bangili ya shanga za bendera ilienea hivyo hivyo, kwa akina mama wanaozitunga kando ya barabara, mpaka marais wakaiga.

Sasa tuongee yale yanayoniuma.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Bungoma kwa mahojiano ya kazi. Ofisi sitaitaja. Kazi yenyewe ni ya kupiga picha na kuandika maneno mafupi ya mtandaoni, kazi ninayoifanya kila siku bila malipo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikuwa mlima, na sifichi. Nilidhani wataniuliza cheti. Hawakufika huko. Mama aliyenihoji aliangalia kazi zangu, akapenda, akasema wazi kwamba amependa, halafu akasema, "Lakini hizo nywele utakata?" Nikauliza kama nywele zinashika kamera. Akasema ofisi ina sura yake. Nikasema asante, nikatoka. Barabarani kabla sijafika steji askari wawili wakanisimamisha. Kitambulisho. Unatoka wapi. Begi lina nini. Wenzangu watatu wenye nywele fupi na suruali za kitambaa walipita hapo hapo wakisalimiwa.

Nikipiga hesabu, siku moja niliulizwa mimi ni nani mara mbili, na mara zote mbili jibu lilitafutwa kichwani kwangu, juu ya ngozi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza serikali kumbagua mtu. Orodha yake ni ndefu: kabila, rangi, umri, ulemavu, dini, utamaduni. Halafu, na nataka ulisome hili wewe mwenyewe, inataja mavazi. Inataja mavazi na lugha, vimefuatana. Kifungu kinachofuatia kifungu kidogo hicho kinamkataza mtu wa kawaida pia, si serikali tu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba mwanafunzi wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele alionewa. Mimi si Rasta wa dini, sitadanganya. Lakini waliokaa Bomas kubishana kuhusu katiba walijua kitu ambacho askari wangu wawili hawajui: kwamba hapa Kenya mtu anaweza kuumizwa kwa alivyovaa na anavyoongea kama anavyoumizwa kwa kabila lake.

Na kwa wasichana ni zaidi. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliojiona walinzi wa maadili. Mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Lakini simama leo steji yoyote, Kitale au Bungoma, usikilize maneno anayotupiwa msichana mwenye kaptura. Wanaoyatupa si wazee. Ni sisi. Ni wasee wa rika langu, wenye rasta kama zangu, ambao wakisimamishwa na karao wanalia haki zao zimevunjwa. Ukiwa mmoja wao na umesoma mpaka hapa, nakuongelea wewe. Huwezi kudai mtaa ni wa kila mtu halafu ukawa Fomu 696 ya dada yako.

Ninachotaka ni kidogo. Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinapoandika matangazo ya kazi za vijana, ziache yale maneno ya "mwonekano nadhifu" ambayo hakuna anayejua maana yake mpaka amekataliwa. Hao wanaotenga pesa za utamaduni, nusu yake isiishie kwa ngoma za kuchezea wageni siku za Madaraka. Iende kwa cherehani. Yule dada wa fagia anatumia cherehani ya kukodi. Rivatex wana kitambaa, sisi tuna macho, na kati yetu ni saa moja na nusu kwa matatu. Ni ajabu kwamba nembo ya shule ya Uingereza imenifikia Kitale kabla ya shati la Eldoret.

Yule mama wa ofisi alinipigia juzi. Anasema nafasi bado haijajazwa, nije tena Alhamisi tuongee na mkubwa wake. Nitaenda. Jaketi nitalipiga pasi, rasta nitazifunga nyuma vizuri, bangili itabaki. Mkubwa wake akiniuliza mimi ni mtu wa wapi, nitamwambia Tuwan, halafu nitamuuliza kamera iko wapi nianze kazi.